Nyoka Aliyepewa Mahali pa Joto

Okbun alimkuta jirani yake amepiga magoti, makalio juu, akimnyunyizia nyoka maji ya uvuguvugu kwa chupa ya kupigia pasi.

"Mama Gyucheol," alisema huku akivua viatu mlangoni, "siku hizi mnyama anaoga kabla yako."

"Haogi. Unyevu umeshuka. Kipimo kinasema hamsini, na mwanangu anataka sitini. Hewa ikikauka, gamba linamganda mwilini, anashindwa kulivua."

"Na ukizidi?"

"Kifua kinamharibika. Funga mlango, dada, baridi inaingia."

Okbun akafunga. Nje theluji ilikuwa imefika kwenye vifuniko vya mitungi ya kimchi, kabichi ya kuchachusha; ndani mlikuwa na joto la kuumulia unga. Alivua koti, akavua sweta, akavua na sweta ya pili. Wajane wa mtaa ule wa Jecheon hawakuwasha boila ya gesi, ile inayopasha sakafu joto, kwa ajili yao wenyewe. Waliiwasha mtoto akija, wakaizima gari lake likishakata kona. Siku nyingine walivaa soksi mbilimbili na kudanganyana kwamba hawasikii baridi.

Ndipo Gyucheol alipokuja kutoka Ulsan, anakochomelea vyuma vya meli, amekumbatia sanduku la kioo. Alisema mwenye nyumba wake hataki nyoka. Akaliweka sanduku mahali penye joto kuliko pote sakafuni, pale bomba la maji ya moto linapoanzia, pale anapokalishwa mgeni wa heshima. Mama mtu akahamishia mto wake upande wa jokofu.

Masharti yalikuwa mengi. Upande mmoja wa sanduku uwe nyuzi thelathini na mbili, wa pili ishirini na sita, ili nyoka ajichagulie. Taa ya joto hapana, inaunguza. Mkeka wa umeme hapana, unashika moto. Joto la sakafu tu, mchana na usiku. Asishikwe, asilishwe, majira ya baridi nyoka hulala.

"Nyoka hulala kwa sababu ya baridi," Okbun alisema akichungulia kiooni. "Na baridi yenyewe umeshamfukuzia."

"Mimi nijue nini? Gyucheol amesoma kwenye intaneti."

"Mwaka jana ulilazwa na nimonia. Muuguzi alisema umepoa kama samaki wa dukani. Mwanao alikuletea nini?"

"Machungwa."

"Machungwa. Na huyu kaletewa nini? Gesi."

"Gesi analipa mwenyewe."

"Ndiyo maana ninaungua moyo. Pesa anayo, ila amemwekea asiye na miguu."

Mama Gyucheol alicheka kidogo, akaifuta chupa kwa pindo la aproni. Okbun hakucheka. Jumamosi wajane wote walikuwa wanakwenda Suanbo kuoga kwenye chemchemi za maji ya moto, na kwa miaka yote Mama Gyucheol ndiye aliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi, wakila mayai ya kuchemsha na kuwasengenya wakwe zao. Mwaka huu alikuwa amekataa. Okbun alimwomba tena.

"Na nyoka abaki na nani? Kila jioni Gyucheol anapiga simu, anataka picha ya kipimo. Nimwambie mimi nipo Suanbo, nimezama mpaka shingoni?"

"Basi wewe sasa ni mtumwa wa nyoka."

"Ngoja nikakuletee kimchi," alijibu mwenzake, akajifunga shali na kutoka.

Okbun alibaki akilitazama sanduku. Alikuwa amezika mume, amezika mbwa wawili, na maishani hakuwahi kumwogopa kiumbe asiyeweza kumjibu. Hesabu yake ilikuwa fupi. Atamning'iniza nyoka nje ya dirisha la nyuma mpaka apoe, amrudishe mahali pake, aonekane amefia usingizini. Mama na mwana watamlilia kwa adabu, boila itazimwa, na Jumamosi Mama Gyucheol atakuwa kwenye basi.

Alichukua koleo la kugeuzia nyama. Akafunua kifuniko, akakaza meno, akambana nyoka nyuma ya kichwa.

Nyoka hakujikunja. Alikuja mzimamzima, mkakamavu kama kipande cha bomba la kumwagilia bustani. Okbun alimtikisa. Akamgeuza. Chini ya tumbo ulipita mshono mrefu, na kando ya mshono kulikuwa na kibandiko cha bei cha duka la vitu vya watoto.

Okbun akakaa chini kwa kishindo.

Majira yote ya baridi mwenzake amepiga magoti mbele ya mpira. Amehamia upande wa jokofu. Ameikosa Suanbo. Na aliyemfanyia hayo ni mtoto wa tumbo lake mwenyewe. Hasira ilimpanda, ikashuka, ikageuka huruma. Jambo kama hili unamwambiaje mzazi?

Mlango ulifunguka. Mama Gyucheol aliingia na bakuli mkononi, theluji kichwani.

"Weka bakuli chini kwanza," Okbun alisema polepole. "Keti, shoga yangu. Mwanao amekufanyia jambo."

Mama Gyucheol alilitazama koleo. Akalitazama tumbo la nyoka. Kisha akaurudisha mlango taratibu mpaka ukabana.

"Mrudishe kifudifudi," alinong'ona. "Gyucheol akija akakuta kibandiko kiko juu, atajua kwamba najua, na hapo itanibidi nizime boila."