Anifa Anataka Kuwa Lipiko

"Nikikua nataka kuwa lipiko," alisema Anifa, na darasa zima la chekechea likaangua kicheko.

Mwalimu Mabel, mgeni kutoka Masasi, alikuwa na picha za daktari, rubani na polisi. Ya lipiko, mzimu wa kinyago unaocheza ngomani, hakuwa nayo. Akamwita baba mtu.

"Shikamoo, Baba Anifa. Mtoto ana ndoto, tusimkatishe tamaa."

"Marahaba, mwalimu. Ndoto gani?" Mujibu alipoambiwa, alishika ukuta kwanza ndipo akainuka kitini. "Lipiko ni mzimu! Linatoka ardhini. Tena mtoto wa kike? Haiwezekani."

Uongo mtupu. Pale Chilangala hakuna mwanamke asiyejua kwamba nyuma ya kile kinyago yumo mwanamume anatoka jasho. Wanawake hukimbia kwa adabu tu, waume zao wasije wakanuna. Nao wanaume wote walijua mchezaji ni Mujibu. Tangu aanguke kwenye mkorosho mwaka juzi, alitembea kama kabeba gunia, lakini siku ya ngoma aliruka kuliko alivyoruka ujanani. Wazee wakasema mzimu una dawa yake.

Nyumbani Mujibu alifoka hadi Anifa akalia kwikwi. "Utakuwa nesi. Basi! Unataka nifukuzwe kijijini?"

"Mwache mtoto aote," alisema Mama Anifa, akipepeta mtama. "Kuota nako kuna kodi?"

"Wewe ndiye uliyemharibu!"

Jumamosi ngoma ikalia. Mama Anifa, kama mwaka jana, akashikwa na kichwa, akabaki ndani. Mujibu akaingia kichakani, mahali lipiko linapovalishwa. Siku hizi hakutaka mtu amsogelee huko, hata wa kumfunga kamba.

Lipiko likatokea, limefunikwa kuanzia utosini hadi miguuni, njuga zikilia. Wanawake wakakimbia kwa mayowe yao ya heshima. Anifa hakukimbia. Alisimama katikati ya uwanja, akakaza mabega.

Lipiko likamfuata. Likatikisa mabega mara moja, polepole, likangoja. Anifa akatikisa. Likarudia, naye akarudia. Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele, na wazee wakasahau kukasirika.

Baadaye walimkuta Mujibu anatoka kichakani, wakampongeza kwa kumpiga mgongoni hadi akang'ata meno. "Kumbe mwanao umemkubali!"

Alijikokota hadi nyumbani, akajilaza mkekani na chupa ya maji ya moto kiunoni. Anifa akasimama mlangoni, akisubiri hukumu yake.

"Umejitahidi," alisema Mama Anifa, akifungua njuga miguuni mwake mwenyewe. "Ila bega la kushoto linachelewa."