Mume wa Kauri

"Usisimame!" Gaudiose alipiga kelele toka uani, beseni la vikombe likiwa bado kichwani.

Théoneste, mume wake, alikuwa ameshateremsha mguu mmoja. Akaurudisha kitandani.

"Docteur alisema nitembee kila siku, Maman Izabayo."

"Docteur yeye anauzishaka bikombe?"

Gaudiose alikuwa akiuza vyombo vya kauri sokoni Kamembe tangu usichana wake. Kauri aliijua: ukiigonga kidogo tu, basi, imekwisha. Na sasa madaktari wa Kigali walikuwa wamemtoa mume wake nyonga mbovu, mahali pake wakatia mpira wa kauri! Eti una nguvu. Nguvu gani? Vigae vya nguvu hizo alikuwa ameviokota maisha yake yote.

Basi akamfunga jinsi anavyofunga sahani zinazotoka Bukavu: majani makavu ya mgomba huku na huku, blanketi juu yake. Fimbo yake ya kutembelea akaificha jikoni. Akamlisha palepale, akamwogesha palepale. Mguu ulipovimba, akaongeza majani.

"Unamulinda sawa yai," jirani yao Nasiba alimtania. "Batu bengine tungeshachoka zamani."

Gaudiose akacheka, moyo kwatu. Kinga ni bora kuliko tiba, watu husema, na yeye alimpenda mtu wake.

Siku moja alirudi kutoka sokoni akamkuta mlangoni, kifudifudi, anatweta, mkono kifuani. Fimbo alikuwa ameitafuta mwenyewe, mbishi yule! Majirani wakamlaza kwenye machela, wakakimbia naye hospitali wakipokezana mabegani. Gaudiose alifuata nyuma, analia na kugomba kwa pamoja.

"Nilikukataza, Papa Izabayo! Nilikukataza!"

Hawakuwahi. Daktari alipotoka, alitikisa kichwa tu.

"Imevunjika," Gaudiose akapiga yowe. "Mimi nilisema! Kauri ni kauri!"

Daktari akainua picha ya eksirei waliyompiga alipofikishwa, akaiweka kwenye mwanga wa dirisha. Mpira ulionekana mweupe, mzima, hauna hata ufa.

"Hii haina shida, Maman. Ingemaliza hata miaka makumi tatu. Ni damu ndiyo iliganda mu mguu juu ya kulala sana, ikapanda mpaka mu mapafu." Akamtazama kwa huruma. "Nani alimukataza kutembea?"