Vitabu vya Rafu ya Chini

Wewe ungemsomea nini mtoto asiyejua Kiswahili, na Kijerumani chake ndiyo kwanza unajifunza kukisoma?

Mjukuu wangu aliletwa kwangu baada ya binti yangu kuzikwa huko huko ugenini. Jioni hukaa mapajani pangu, hukunjua viganja vyake kama kitabu, kisha hungoja.

Basi nikaenda kwa muuza vitabu, nikaomba cha Kijerumani kilicho chepesi kuliko vyote. Akainamia rafu ya chini, akanipa cha dubu aliyevaa aproni. Jicho la dubu lilikuwa kifungo cha shati, kimeshonewa kwenye jalada kwa uzi mweusi. Nikakipapasa. Ndani niliweza kusoma neno moja tu, maana Wajerumani nao huliandika kama sisi: mama.

Nikamrudishia. "Maandishi madogo."

Akanipa cha bata. Mama yumo. Nikasema karatasi zake laini mno, mtoto atazichana. Akanipa cha sungura, naye anamtafuta mama yake kuanzia ukurasa wa kwanza. Nikasema kinanuka vumbi.

"Bibi, unachagua kitabu au mchumba?" Akacheka.

Sikuudhika, wala sikucheka. Nilichohisi ni kile kifungo tu, kama bado kipo kwenye ncha ya kidole changu.

Akakifunga kitabu cha sungura taratibu. "Haya, bibi yangu. Hebu niambie unachotaka hasa."

"Nataka kisichokuwa na mama ndani," nikasema.