Ufunguo wa Mshamu

Mshamu alikuja kuchukua jibu la posa yake kwa Zuhura, akaketi mkekani akizungusha ufunguo wa gari kidoleni. Ufunguo huo ulishawakimbiza wachumba wengine wawili, ingawa gari lenyewe, ambalo kila siku liko "hapo kona," hakuna aliyeliona. Na Zuhura, bila haya, aliukodolea macho.

Uani jogoo alidonoa kijiwe, akakiinua, akaita kokoko. Kuku wote wakaja mbio.

"Kila siku ni kijiwe, na kila siku wanakuja," bibi yake Zuhura alisema, akasonya. "Haya, bwana mposaji. Kitendawili!"

"Tega, bibi."

"Aita watu karamuni, mdomoni ana kokoto."

Mshamu, aliyekuwa akijinyoosha kola, hakuwa ameona kitu.

"Hicho kimenishinda."

"Basi nipe mji."

"Chagua wowote, bibi!"

"Miji nimepewa mingi, sijalala hata mmoja. Nipe huo ufunguo."

Kidole kiliacha kuzungusha. Bibi aliupokea, akamkabidhi Zuhura. Msichana akatoka nao hadi kona, akaunyoosha mbele, akabonyeza. Hakuna gari lililoitika.

Uani jogoo aliita tena, na kuku wakaanza kukimbia.