Jogoo wa Shemeji

Kioo cha gari hakikuvunjwa. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa vizuri. Sukari ilikuwepo, gomesi, magauni ya mashangazi, zilikuwepo, na simu ambayo Mutyaba aliisahau juu ya kiti ilikuwa palepale, ikiita. Kilichokosekana ni kikapu chenye utepe mweupe na jogoo aliyekuwa ndani yake.

"Mwizi gani huyu?" alisema Mzee Ssentongo, baba mdogo wa Mutyaba na msemaji wa msafara wao. "Anaacha simu, anabeba kuku?"

"Mwenye njaa, mzee," kijana mmoja alijibu. "Simu hailiwi."

Watu wakacheka. Mutyaba hakucheka. Jogoo yule mwekundu, kishingo asiye na manyoya shingoni, alimlea mwenyewe tangu akiwa kifaranga, akimlisha mahindi mkononi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Alimlea kwa ajili ya siku hii ya kutambulishwa kwao Nabukalu, mchumba wake.

"Mwanangu, sukari wangetusamehe," Mzee Ssentongo alisema taratibu. "Gomesi wangetusamehe. Lakini jogoo ndiye ndoa. Kaka akishamla, dada ameolewa. Asipomla, sisi ni wageni tuliokuja kunywa soda tu."

Walikuwa wameegesha kwenye uwanja wa shule, ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani kwa kina Nabukalu, wakaingia darasani kuvaa kanzu. Hawakukaa sana. Deo, kaka yake Nabukalu, ndiye aliyewapokea na kuwaonyesha pa kuegesha. "Lete ufunguo nilisogeze kivulini, shemeji," alisema. "Jogoo wangu asije akanifia kwa joto." Wote walicheka. Baadaye alirudisha ufunguo kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa mfukoni, akaenda zake bila utani mwingine. Mutyaba alidhani ni shughuli nyingi. Deo alilala naye chumba kimoja chuoni miaka yote. Kama Deo angekuwa na kinyongo, Mutyaba angejua.

Vijana waliotumwa kutafuta jogoo mwingine walirudi na kuku mweupe wa kisasa, mzito, asiyeweza hata kusimama.

"Huyu ni wa chipsi," Mzee Ssentongo alisema. "Tukimpeleka huyu, watatuuliza kachumbari iko wapi."

Kutoka ng'ambo, kipaza sauti kikakohoa. Msemaji wa upande wa bibi harusi alikuwa ameanza uchokozi. "Jamani, tuliambiwa kuna wageni! Wamepotea, au wamekaa njiani wanakula zawadi zetu?" Vicheko vikapaa kutoka kwenye mahema.

Mutyaba alihisi machozi yakimkaribia, akaona aibu. Alikuwa amengoja mengi kufika hapa. Mwezi wa Machi, alipoambiwa bibi yake Nabukalu amefariki kule Masaka, hakwenda hata kuzika. Mwanaume ambaye hajatambulishwa hakanyagi ukweni, hata kwenye msiba, na Nabukalu mwenyewe alimsihi asithubutu. Basi akanunua nguo ya gome ya kuzikia, iliyo nzuri kuliko zote, akaituma kwa basi. Usiku alimpigia Deo ampe pole, akalia yeye kuliko mfiwa. Deo alisema tu, "Wewe ni mtu mwema, Mutyaba," na simu ikakatika.

"Nakwenda kumwona Deo," alisema sasa.

"Kwa miguu yako? Kabla hujaitwa? Utatutia aibu!"

"Yeye ndiye mpokeaji, baba. Akikubali kupokea kikapu kingine, kitupu, nani atafunua?"

Alivuka barabara, akazunguka nyuma kwenye migomba, kanzu ameipandisha mpaka magotini. Upande wa pili wa nyumba ngoma zilikuwa zimeanza, na katikati ya sauti za wanawake alimsikia Nabukalu akicheka. Moyo wake ukalainika.

Ndipo jogoo akawika. Mutyaba aliijua sauti ile.

Alikuwa amefungwa mguu kwenye shina la mgomba, utepe mweupe ukiwa kando. Deo alikuwa amekaa chini karibu naye, leso yenye damu imezungushwa mkono wa kulia. Kishingo yule hakuwahi kukubali mkono mwingine.

"Deo."

Deo hakushtuka. "Nilijua utakuja."

"Wewe? Wewe, ndugu yangu? Nimekula sahani moja na wewe, leo unaniibia mbele ya wazee wangu? Kama hunitaki kwenu si ungesema!"

"Nilitaka mrudi nyumbani. Bila jogoo mngerudi."

"Turudi kwa nini? Nina kosa gani? Mimi ni maskini? Ukoo wangu mbaya?"

"Huna kosa lolote." Deo alisimama. Alimfungua jogoo, akampangusa vumbi mgongoni, akamweka mikononi mwa Mutyaba, naye akatulia mara moja. Macho ya Deo yalikuwa mekundu. "Mchukue. Ukitaka kuingia naye, ingia. Mama na baba wanakungoja, wamevaa vizuri. Lakini usinipe mimi. Mtu hali jogoo wawili wa dada mmoja."

"Wawili?" Mutyaba aliuliza. Upande wa pili wa nyumba Nabukalu alicheka tena.

"Wa kwanza, wa mwanaume mwingine, nilimla Machi, kule Masaka," Deo alisema. "Wiki ileile uliyotutumia nguo ya kumzikia bibi."