Upekuzi Nyumbani kwa Bibi Keziah

Mfuniko wa birika ulikuwa ukigongagonga taratibu jikoni, kabla hakujapambazuka, Bibi Keziah aliposikia vishindo vya buti ngazini.

"Fungua! Polisi wa mto!"

"Mlango uko wazi, mwanangu. Futa miguu."

Akaingia Obadiah Trigg, amelowa chapachapa kwa maji ya mto Thames. Wiki nzima alikuwa akija. Jabez, mwana wa bibi, alikuwa mpakuzi wa meli za sukari, na wapakuzi wa bandari ya Wapping walijulikana kwa suruali zao pana zenye mifuko ya siri ya kuibia mizigo. Sheria mpya ilikuwa kali: sukari ikikutwa ndani na mwenye nyumba akashindwa kueleza ilikotoka, hakimu anamtupa jela. Mama na mwana wangekwenda pamoja.

"Vua koti kwanza, usije ukapata kichomi," bibi alisema. "Lo, ubavuni pamefumuka tena! Lete nikushonee."

Obadiah akapekua. Alitambaa chini ya kitanda, akaingiza kichwa kwenye dohani, akamnusa hata paka.

"Huyo hapakui meli," bibi alisema huku akishona.

"Nitaipata tu hiyo sukari, bibi! Hakuna mashua inayovuka mto huu bila kupekuliwa."

"Hata mashua yenu?"

Obadiah alicheka mpaka akajigonga mezani. "Nani atampekua polisi?"

Hakupata hata punje. Bibi akamvisha koti kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga vifungo mpaka shingoni kama mtoto anayekwenda kanisani.

"Mbona zito hivi?" Obadiah alilalamika.

"Maji hayo, mwanangu, halijakauka. Sasa unaelekea wapi?"

"Ng'ambo, kwa dada yako muoka mikate. Naye hanikwepi!"

"Mpekue vizuri. Darini usisahau."

Ng'ambo, Bibi Tamsin alimpokea kwa uji wa moto, akamvua koti, akamwonyesha ngazi ya kupandia darini. Obadiah alipokuwa huko juu akipiga chafya kwenye vumbi, Bibi Tamsin alichukua mkasi, akafumua ubavu wa koti, akamimina sukari kwenye mtungi mpaka ukajaa.

Obadiah akashuka mikono mitupu, kichwa kimejaa utando wa buibui.

"Pole, mwanangu. Kesho uje tena," Bibi Tamsin alisema, akimpangusa pua. "Na ukipita kwa dada, mwambie nina hamu ya kahawa."