Bangili Nyekundu ya Mwanamvua

Kila mwanamke alivishwa bangili ya kupima damu. Homoni za kike zikizifanya chembe zinazogandisha damu zinatane, bangili hugeuka nyekundu, na safari ndefu ni marufuku, maana kukaa sana huweza kugandisha damu miguuni. Mwanamvua alikuwa akimeza vidonge vya homoni ili apate mtoto. Asubuhi bangili yake ilipogeuka nyekundu, mama yake akafariki Pangani, mwendo wa saa tano kwa basi.

"Viache vidonge, mke wangu, baada ya siku chache bangili itakuwa kijani," Bakari akambembeleza.

"Mama anazikwa alasiri! Nani atamwosha, na binti ni mimi peke yangu?"

Simu ikalia. Ni mama mdogo Siwema. "Mwanangu, tumeshamlaza tumwoshe. Maji alipenda baridi au vuguvugu?"

Mwanamvua akakaa chini na kanga alizokuwa amezikunja kwa safari.

"Vuguvugu. Na goti la kushoto polepole, mama mdogo. Linamuuma."